Ripoti ya Mtoto Imefika: Isome Pamoja na Madaftari, Mvua na Saa ya Chakula

Shule zinapofunga mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, mtoto anarudi nyumbani na karatasi iliyokunjwa mara nne katikati ya daftari. Mwingine anaikabidhi mlangoni kabla ya kuvua viatu. Mwingine anaiacha ndani ya begi mpaka Jumapili usiku, akitumaini mmesahau kwamba shule zimefungwa. Wewe mzazi unaikunjua, macho yanashuka moja kwa moja hadi kwenye nafasi ya mtoto darasani, na hapo hapo unakasirika au unafurahi.

Mwongozo huu unakuomba usianzie hapo. Ripoti inakuambia mtoto kapata ngapi. Haikuambii kwa nini. Na sababu mara nyingi iko pale pale nyumbani: saa aliyolala, siku alizokosa shule kwa homa, uji aliokunywa au asiokunywa. Kwa sisi wa pwani na kaskazini mwa Tanzania, muhula wa kwanza unapita katikati ya masika. Shule zinafunguliwa Januari kwenye joto, mvua zinaanza Machi, na mitihani inafanyika wakati njia zimejaa matope. Alama za Juni ni alama za masika, na ndivyo zinavyotakiwa kusomwa.

Nalisema hili kwa sababu niliwahi kukosea. Mwanangu wa pili alipokuwa darasa la nne, alishuka vibaya katika Sayansi na Maarifa ya Jamii. Hisabati ilibaki palepale. Tukamgombeza, tukakata muda wa kucheza, tukalipia twisheni. Wiki kadhaa baadaye mwalimu wake wa darasa ndiye aliyenifungua macho: darasa lao lilikuwa na bati tupu bila dari, na mvua ikinyesha hakuna aliyekaa nyuma ya dawati la tatu aliyesikia neno. Hisabati huandikwa ubaoni, kwa hiyo aliiona. Masomo yaliyofundishwa kwa maelezo yakampita. Na kwa kuwa alikuwa mrefu, alikaa dawati la mwisho. Tuliomba asogezwe mbele, akakopa madaftari ya mwenzake na kunakili yaliyompita. Twisheni tuliiacha. Ripoti ilikuwa imetuambia kila kitu, sisi ndio hatukujua kuisoma.

Saa ya kwanza

Mtoto mwenye hofu hutoa jibu lolote litakalomaliza ugomvi. Atasema "nilikuwa sisomi" hata kama tatizo ni macho. Unamhitaji awe shahidi wako, kwa hiyo usimtishe.

1. Ipokee ripoti, mshukuru kwa kuileta, iweke mahali salama. Mpe chakula kwanza.
2. Isome peke yako au na mwenzako mkiwa mmekaa. Usiisome kwa sauti mbele ya wageni, majirani au ndugu zake.
3. Mwite mtoto baadaye, siku hiyo hiyo au kesho yake, umwulize swali moja tu: "Muhula huu ulikuwaje kwako?" Kisha nyamaza. Kimya kikizidi, usikijaze wewe.
4. Jina la mtoto wa jirani lisitajwe kabisa.

*Tahadhari:* Fimbo kwa sababu ya alama haimfundishi mtoto kugawanya desimali. Inamfundisha kuficha ripoti, kufoji sahihi yako, au kuchelewa kurudi nyumbani siku ya kufunga shule. Kama hasira imekuzidi, toka nje, kateke maji, urudi baadaye.

Soma safu kwa safu

*Anza na mahudhurio.* Ripoti nyingi huonyesha siku za masomo na siku ambazo mtoto alihudhuria. Kama alikosa siku kumi na tano, usihukumu alama yoyote kabla hujajua siku hizo zilikwenda wapi. Na kama wewe unakumbuka siku tatu tu za homa huku ripoti ikisema kumi na tano, hapo una jambo la kuzungumza naye kwa upole na kwa makini.

*Tafuta somo lililokosekana.* Mtoto asipofanya mtihani wa somo moja kwa kuumwa, shule nyingine huacha pengo na nyingine huhesabu sifuri. Tuseme amepata Kiswahili 38, Kiingereza 30, Hisabati 33, Sayansi 35, Uraia 34, na Maarifa ya Jamii hakufanya. Jumla ni 170. Ukigawa kwa masomo matano aliyofanya, wastani wake ni 34 kati ya 50, yaani B. Ukigawa kwa sita, wastani ni 28, yaani C. Siku moja ya malaria imemshusha daraja zima. Mzazi asiyegundua hili atamwadhibu mtoto kwa kuugua.

*Linganisha na ripoti iliyopita, somo kwa somo.* Kila mpangilio wa alama una maana yake:

- Masomo yote yameshuka pamoja: fikiria afya, usingizi, njaa, au jambo linalomsumbua moyoni. Ni nadra mtoto kusahau masomo sita kwa mpigo.
- Somo moja limeshuka peke yake: fikiria mada aliyoikosa, mwalimu aliyebadilika, au nafasi aliyokaa darasani.
- Hisabati iko juu, masomo ya maelezo yako chini muhula baada ya muhula: huenda kusoma kwenyewe ni kugumu. Kama yameshuka muhula huu tu, uliza kuhusu kusikia na siku alizokosa.
- Kiswahili kiko juu, Hisabati chini siku zote: kuna msingi fulani alioukosa madarasa ya chini. Huo utauona kwenye madaftari.

*Nafasi iangalie mwisho, tena pamoja na wastani.* Muhula uliopita alikuwa na wastani wa 34, nafasi ya 30 kati ya 88. Sasa ana wastani wa 31, nafasi ya 17 kati ya 88. Je, ameshuka? Alama zimeshuka, lakini amewapita wenzake kumi na watatu. Mtihani ulikuwa mgumu zaidi kwa darasa zima, na yeye ameuhimili. Huyu anastahili pongezi. Kinyume chake pia hutokea: wastani umepanda kidogo na nafasi imeshuka, kwa sababu mtihani ulikuwa rahisi na wenzake walipanda zaidi.

SANDUKU: HERUFI ZINA MAANA GANI?

Shule ya msingi Tanzania, kila somo likiwa na alama 50:
A ni 41–50, B ni 31–40, C ni 21–30, D ni 11–20, E ni 0–10.

Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, masomo sita, jumla 300:
A ni 241–300, B ni 181–240, C ni 121–180, D ni 61–120, E ni 0–60.

Sekondari, kidato cha kwanza hadi cha nne, kila somo likiwa na alama 100:
A ni 75–100, B ni 65–74, C ni 45–64, D ni 30–44, F ni 0–29.

Divisheni ya kidato cha nne huhesabiwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4, F pointi 5. Divisheni ya kwanza ni pointi 7–17, ya pili 18–21, ya tatu 22–25, ya nne 26–33, na 34–35 ni sifuri. Pointi zikiwa chache ndiyo vizuri. Kuna wazazi hufurahia 30 wakidhani ni nyingi.

Angalia mtego: alama 62 kwa mia katika shule ya msingi ni B, katika sekondari ni C. Mtoto hajashuka, kipimo ndicho kimebadilika.

Msomaji wa Kenya: mtihani wa KCPE ulifanyika kwa mara ya mwisho 2023. Chini ya mtaala wa umilisi, ripoti hupima viwango vinne: kuzidi matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na chini ya matarajio. Usitafute nafasi darasani; soma maelezo ya mwalimu kuhusu kila umilisi.

Fungua madaftari

Hapa ndipo ningependa utumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Ripoti ni karatasi moja, madaftari ni miezi mitano. Keti na mtoto mkekani mchana wa Jumamosi, mwanga ukiwa mzuri, mfungue daftari moja baada ya jingine. Usiwe na kalamu mkononi.

1. *Tazama tarehe.* Pitia kuanzia Januari. Palipo na pengo la wiki nzima, andika pembeni. Ukikutana na "mada mpya" siku ambayo mtoto hakuwepo, umepata chanzo cha kwanza.
2. *Tafuta masahihisho.* Mwalimu amepiga mkasi kwa kalamu nyekundu, chini yake kuna nini? Kama mtoto alirudia hesabu na kupata vema, alijifunza. Kama baada ya mkasi inaanza mada nyingine, kosa lile bado analo, na lilimsubiri kwenye mtihani.
3. *Tafuta kosa linalojirudia.* Usihesabu mikasi, soma mikasi.

Nikuonyeshe ninachomaanisha. Chukua daftari la Hisabati la mtoto wa darasa la tatu, zoezi la kutoa, amepata 4 kati ya 15. Ukitazama haraka utasema hajui kutoa. Sasa soma alichoandika: 52 − 27 = 35. 81 − 46 = 45. 503 − 278 = 375. Umeona? Kila penye tarakimu ndogo juu na kubwa chini, amegeuza: badala ya kukopa, ametoa ndogo kwenye kubwa. Saba toa mbili, tano. Sita toa moja, tano. Nne alizopata ni zile zisizohitaji kukopa. Mtoto huyu ana kosa moja, amelirudia mara kumi na moja. Hilo linatibika mchana mmoja kwa kiberiti.

Namna ya kulitibu:

1. Funga njiti za kiberiti makundi ya kumi kumi kwa uzi au mpira. Weka makundi matano na njiti mbili: hiyo ni 52.
2. Mwambie akupe njiti 27. Atatoa makundi mawili, kisha atakwama: anatakiwa kutoa saba na ana mbili tu.
3. Nyamaza. Ngoja mkono wake uende kwenye kundi na kulifungua. Akilifungua mwenyewe, ameelewa kukopa. Ukilifungua wewe, hujamsaidia.
4. Zitabaki mbele yake njiti 25. Azihesabu, kisha aandike hesabu ile ile kwenye daftari, tarakimu juu ya tarakimu.
5. Rudieni na 81 − 46. Baada ya hapo afanye moja bila njiti.

Mtoto huyu huyu ukimtuma dukani na shilingi 5,000 akanunua vitu vya 2,780, atajua kama chenji ya 2,220 imepunjwa. Hesabu anayo. Kinachomshinda ni jinsi ya kuipanga kwenye karatasi, na ukimwambia hivyo waziwazi, uso wake utabadilika.

Kwa kusoma, mpe kitabu cha Maarifa ya Jamii, asome ukurasa mmoja kwa sauti, kisha afunge kitabu akusimulie. Akisoma kwa kukwama neno kwa neno, tatizo la masomo yote ya maelezo ni kusoma. Tiba yake ni dakika kumi na tano za kusoma kwa sauti kila siku, hata gazeti la zamani. Akisoma vizuri lakini hana la kusimulia, basi anasoma bila kuelewa: msimamishe kila aya na kumuuliza nani, wapi, kwa nini.

Na kwa macho, mwambie asimame hatua sita kutoka kalenda ya ukutani, afunike jicho moja kwa kiganja bila kulibana, asome tarehe. Kisha jicho la pili. Kama anakunja uso au anasogea mbele wakati ndugu yake anasoma vizuri, mpeleke hospitali akapimwe. Nimeona watoto walioitwa wazembe ambao walikuwa hawauoni ubao tu.

Masika yasikuharibie muhula

Sasa sababu ya mvua. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya msimu. Hutoa mwelekeo wa masika, na wa vuli pia, pamoja na tahadhari za siku chache. Mikoa ya kusini, magharibi na kati ina msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hadi Aprili, kwa hiyo huko muhula wa pili unaishia mvuani na wa kwanza unaanzia mvuani.

Maandalizi si ya gharama. Kila daftari livalishwe jalada la nailoni, na ndani ya begi kuwe na mfuko mmoja mzima usiopitisha maji wa kuyafungia yote. Daftari likilowa wino unatawanyika, na miezi mitatu ya kazi inapotea njiani. Sare ifuliwe Ijumaa mchana ili iwe na siku mbili za kukauka, ianikwe ndani karibu na dirisha lililo wazi.

*Tahadhari ya uhai:* Usiingize jiko la mkaa chumbani ili kukausha nguo au kupasha joto huku milango na madirisha yamefungwa. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

*Tahadhari nyingine:* Mto au korongo likiwa limejaa, mtoto asivuke. Siku moja ya shule inafidiwa.

Na kufidia kwenyewe kuwe na utaratibu:

1. Kalenda ya ukutani iwe na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Kila siku aliyokosa, izungushie duara.
2. Jioni ya siku aliyorudi shuleni, akope daftari la mwenzake na kunakili. Akingoja wiki, hatanakili.
3. Akiwa na homa, apelekwe kituo cha afya apimwe malaria kabla ya kumeza dawa yoyote. Omba maandishi ya matibabu, yapeleke kwa mwalimu wa darasa. Ndiyo kinga yako dhidi ya ile sifuri niliyoieleza.
4. Kama paa la darasa ni bati tupu, omba mtoto akae mbele miezi ya mvua. Ombi hili halina gharama.

Saa ya chakula ndiyo saa ya kulala

Watoto wa miaka 6 hadi 12 wanahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Sasa fanya hesabu ya nyumba yako. Mama anarudi saa moja jioni, maharage yanapandishwa saa moja na nusu, yanaiva saa tatu na robo, watoto wanakula saa tatu na nusu, wanalala saa nne. Saa kumi na moja alfajiri wanaamshwa kuwahi daladala. Hizo ni saa saba. Mtoto huyu atasinzia kipindi cha pili, na mwalimu ataandika "aongeze bidii".

Kwa hiyo alama za Hisabati zinaweza kuanzia kwenye maharage:

1. Jumamosi usiku chambua, osha, loweka.
2. Jumapili mwaga maji ya kulowekea, weka mengine. Yatokote kwa nguvu si chini ya dakika 10, kwa sababu maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayohitaji mchemko mkali. Kisha punguza moto mpaka yalainike.
3. Nyanya na ndimu ziongezwe yakishaiva. Uchachu huyachelewesha kulainika na kumaliza mkaa au gesi yako.
4. Gawanya kwa mafungu ya siku, yakipoa yaingie kwenye friji au friza. Jioni unaunga fungu moja tu, na chakula kiko mezani saa moja na nusu. Kama huna friji, usipike ya siku nyingi: loweka usiku ya kesho tu, upike asubuhi wakati watu wanajiandaa, jioni uyachemshe tena kabla ya kuunga.

Kazi ya nyumbani ifanywe kabla ya kula, palipo na mwanga, wakati wewe unapika. Mtoto akae jikoni au mlangoni pa jiko. Huhitaji kujua somo. Uwepo wako unatosha kumfanya asimamishe kalamu na kuuliza. Na jiko lenyewe ni darasa: vikombe vitatu vya mchele vinahitaji maji mangapi kama kimoja kinahitaji viwili? Chapati moja ikikatwa robo, watu watano wakila robo tatu kila mmoja, tupike ngapi? Atakosea, mtacheka, na sehemu zitamwingia.

Asubuhi asiondoke na chai ya rangi peke yake. Uji wa dona au ulezi uliotiwa karanga zilizosagwa unamshikilia mpaka mchana. Lakini masika ndiyo msimu wa ukungu: chambua mahindi na karanga, zilizoota ukungu, zilizobadilika rangi au kusinyaa zitupwe. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Ukienda kuonana na mwalimu

Mzazi anayeuliza "Mwanangu anaendeleaje?" atajibiwa "Anaendelea vizuri, aongeze bidii." Mwalimu huenda ana watoto themanini au zaidi, msaidie akusaidie. Nenda na madaftari mkononi, baada ya vipindi, mkiwa mmeagana siku. Anza kwa salamu na shukrani, kisha uliza:

- Anakaa dawati la ngapi, na nani?
- Ni mada gani ya Hisabati darasa lilifanya akiwa hayupo?
- Huwa anauliza maswali, au ananyamaza?
- Kosa hili (onyesha ukurasa) limetokana na nini?
- Jambo moja la kufanya nyumbani mwezi huu ni lipi?

Andika majibu. Usimseme mwalimu mbele ya mtoto, hata kama hukuridhika. Kama kuna tatizo, liende kwa mwalimu wa taaluma au mwalimu mkuu.

Neno kwa wenye mtoto kidato cha kwanza

Mtoto aliyemaliza shule ya msingi ya serikali kwa A anaweza kuleta D nne muhula wa kwanza wa sekondari. Amesoma miaka saba kwa Kiswahili, sasa karibu kila somo linafundishwa kwa Kiingereza. Usanisinuru alioujua vizuri amekutana nao kwa jina geni, na hajui kwamba ni ule ule. Mnunulie kamusi kabla ya sare ya pili. Awe na daftari dogo la msamiati, maneno kumi kila siku kutoka vipindi vya siku hiyo, na maana yake kwa Kiswahili. Mpe mwaka mmoja.

Makosa tunayoyafanya mara kwa mara

Kulipia twisheni kabla ya kujua tatizo. Twisheni haitibu macho wala usingizi. Inapunguza usingizi zaidi. Kuahidi baiskeli akishika nafasi ya kwanza: nafasi inategemea na wenzake, kwa hiyo ahidi kwa jambo lililo mikononi mwake, kama kukamilisha masahihisho yote. Kumpa mtoto wa kike vyombo, maji na mdogo wa kubeba mgongoni huku kaka yake akisoma, kisha kushangaa alama zake. Hili linaniuma, kwa sababu liko kwenye nyumba nyingi za watu wema. Gawa kazi za nyumbani kwa haki, na ziishe kabla jua halijazama.

Orodha ya kubandika ukutani

☐ Nimesoma mahudhurio kabla ya nafasi
☐ Nimekagua kama kuna somo lililohesabiwa sifuri
☐ Nimelinganisha somo kwa somo na ripoti iliyopita
☐ Tumefungua madaftari yote, tumepata kosa linalojirudia
☐ Nimepima macho kwa kalenda
☐ Chakula cha jioni kiko tayari saa moja na nusu
☐ Analala si chini ya saa 9
☐ Madaftari yana jalada la nailoni
☐ Nimeonana na mwalimu wa darasa

Shule zikifunguliwa Julai, wiki ya kwanza walimu bado wanapanga madawati na ratiba. Nenda wiki hiyo hiyo, na daftari lenye kosa moja ulilolipata. Ukingoja Novemba, mtakutana na ripoti nyingine.